Kabla hujalipia shahada ya metalojia, ulizia maabara

Mzee mmoja wa mtaani alinisimamisha njiani: "Injinia, kijana wangu kachaguliwa metalojia, hiyo elimu ya vyuma. Ina kazi hiyo, au abadilishe?" Nikamwambia, shikamoo mzee, pita kwanza nyumbani nikuoneshe kitu.

Mezani kwangu kuna shafti ya mashine ya kusaga unga, imekatika. Mwenyewe aliapa kauziwa chuma feki. Ukiutazama mkato wake utaona mistari iliyopinda, inafuatana kama ile inayobaki mchangani maji yakipwa. Huo ni ufa uliokuwa ukitambaa taratibu, mashine ikiwashwa na kuzimwa siku baada ya siku. Ifuate mistari kinyumenyume, itakufikisha ufa ulipoanzia: kona moja kali ambayo fundi mkereza hakuiviringa. Upande wa pili, penye chengachenga, ndipo ilipokatika ghafla. Chuma kilikuwa kizima kabisa. Shafti mpya ilikerezwa kona ya mviringo, kazi ya dakika chache.

Ada ya metalojia inanunua jicho hilo, na jicho halijengwi kwa slaidi. Chuo nilichosoma (sikitaji) kilikuwa na mashine ya kuvuta nondo mpaka ikatike. Miaka yote niliyokuwa pale, mashine hiyo ilifunikwa turubai. Tulipewa namba kwenye karatasi, tukachora grafu za nondo tusizowahi kuzigusa. Nilianza kuelewa nilipokwenda mafunzo kwa vitendo kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma chakavu.

Kwa hiyo nenda kaone maabara. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu, umuulize lini mara ya mwisho alisugua sampuli kwa mkono wake: msasa namba 240, kisha 400, 600, 1200, hadi chuma king'ae kama kioo, halafu tone la alkoholi yenye asidi ya nitriki kidogo, na chini ya hadubini chembe za chuma zinajitokeza. Akianza kujiumauma, umeshapata jibu.

Kwa hapa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma vinaifundisha pamoja na uchenjuaji, yaani kutenganisha madini na mawe yake. Naupenda mchanganyiko huo, maana migodi ya Kanda ya Ziwa inahitaji wachenjuaji.

Ujerumani je? Vyuo vya umma katika majimbo mengi havitozi ada, ingawa Baden-Württemberg hutoza yuro 1,500 kwa muhula kwa wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Lakini ukiomba viza utatakiwa kuonesha pesa ya kujikimu, yuro 11,904 kwa mwaka kwa kiwango cha tangu Septemba 2024, na shahada nyingi za kwanza hufundishwa Kijerumani. Mimi ningeanzia nyumbani, uzamili ndiyo nifikirie nje, au chuo cha Nelson Mandela pale Arusha.

Mzee aliigeuzageuza shafti, akapitisha kidole gumba kwenye ile kona. "Na huyu mkereza alilipwa?"

Alilipwa mzee. Mara mbili.