Kadi Mpya ya Michoro Haiuponyi Mji Unaokwama

Kila mchezo wa kujenga miji unapouzwa kabla haujakamilika, wachezaji hulalamika kwamba mji ukishakua mchezo unakwamakwama, nao hujibiwa yaleyale: nunua kadi kubwa zaidi ya michoro, yaani kifaa cha kompyuta kinachochora picha. Kazi yangu ni kutafuta kinachopunguza kasi ya michezo ya aina hii, na ushauri huo umekwisha kuwagharimu watu fedha nyingi bila faida.

Chukua mchezo wa Manor Lords, ulioanza kuuzwa kabla haujakamilika tarehe 26 Aprili 2024 na kuuza nakala zaidi ya milioni moja siku ya kwanza. Gogo lililokatwa msituni halifiki kwenye ujenzi mpaka maksai alikokote, huku wanakijiji wengine wakibeba kuni na vyakula. Kila mmoja lazima apangiwe kazi na kutafutiwa njia, na hesabu hiyo kwa kawaida huifanya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Fremu, yaani picha moja moja za mchezo, zikiwa 60 kwa sekunde zinaacha milisekunde 16.7 tu kwa kila fremu. Hesabu isipokwisha ndani ya muda huo, kadi ya michoro hubaki ikisubiri, hata iwe ya bei gani.

Wapo wanaosema mtengenezaji ni mvivu, kwa nini asigawe kazi kwa viini vyote vya prosesa, yaani sehemu zake zinazoweza kufanya hesabu kwa wakati mmoja? Hugawanyika, ila si yote. Wapagazi wawili wakipangiwa kazi kwa wakati mmoja katika viini tofauti, wote watalifuata gogo lilelile, na atakayechelewa atalikosa. Ukiwapanga foleni, kosa linaondoka na ucheleweshaji unarudi.

Cities: Skylines II, iliyotoka tarehe 24 Oktoba 2023 kama mchezo kamili, ilikuwa na ugonjwa mwingine: michoro yenyewe ilikuwa mizito kupita kiasi, mpaka meno ya wakazi. Huko kupunguza ubora wa picha kulisaidia kweli.

Kwa hiyo pima kwanza. Punguza rezolusheni, yaani idadi ya nukta zinazounda picha, hadi nusu. Fremu zisipoongezeka, kadi haina hatia. Kisha simamisha muda wa mchezo. Zikiongezeka, mzigo uko kwenye maisha ya wakazi. Zisipoongezeka, mimi mwenyewe husita kutoa hukumu, kwa sababu kuandaa amri za kuchora maelfu ya nyumba nako hufanywa na prosesa, ingawa vitabu hutenganisha kuchora na kuhesabu maisha ya wakazi kana kwamba kazi hizo mbili hazigusani.

Unapoandika lalamiko, taja idadi ya wakazi, rezolusheni, na fremu ulizopata muda ukiwa umesimama. Mtengenezaji akiyapata hayo matatu, anajua aanzie wapi.