Kuulizwa jina tena kabla ya upasuaji si dalili ya daktari kubabaika

Hapa Tanga wapo wanaoamini kwamba mgonjwa akiulizwa jina na sehemu ya kupasuliwa mara mbili tatu, basi madaktari wamechanganyikiwa. Wengine huingiwa na hofu, wakajibu kwa hasira: "Si imeandikwa kwenye faili!"

Faili huchanganywa. Wodi moja inaweza kulaza akina Mwanaisha Juma wawili, mmoja wa henia, mwingine wa uvimbe. Ndiyo maana orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008, inataka mgonjwa athibitishe mwenyewe jina lake na sehemu ya kupasuliwa kabla ya dawa ya usingizi. Kabla ya kisu kugusa ngozi, timu huulizana tena. Mwisho huhesabiwa vifaa, sindano na vitambaa.

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, hapa hapa Tanzania. Vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Tofauti hiyo ni watu waliorudi nyumbani kwao.

Kwa hiyo nesi akikuuliza, "Mama, tunapasua upande gani?", onyesha kwa kidole, utaje na dawa zinazokudhuru. Alama ya kalamu uliyochorwa usiisugue ukioga.