Aliyeandikiwa lithiamu si lazima awe kichaa

Mama mmoja alinirudishia kwenye dirisha la dawa boksi la lithiamu, halijaguswa. "Mwanangu, mimi nina sonona tu. Mbona daktari ananipa dawa ya vichaa?" Binti yake alisoma kwenye simu kwamba ni dawa ya baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Maneno haya nimeyasikia mpaka yananiuma, kwa sababu anayerudisha dawa anarudi kulala na ugonjwa wake.

Dawa moja hutibu zaidi ya ugonjwa mmoja. Amitriptilini ni dawa ya sonona, lakini wenye kisukari wanaoungua nyayo usiku tunawapa hiyohiyo, na hakuna aliyewahi kunirudishia. Lithiamu nayo daktari John Cade wa Australia aliitangaza mwaka 1949 kwa wagonjwa wa mania, yaani msisimko uliopitiliza. Mwaka 1981 watafiti wa Kanada wakaeleza habari za wagonjwa wanane wa sonona ambao dawa zao zilishindwa, wakapata nafuu walipoongezewa lithiamu. Tangu hapo imefanyiwa utafiti mwingi. Kwa hiyo daktari hajakubadilishia ugonjwa. Ameona umemeza fluoksetini, dawa ya sonona, wiki 6, dozi kamili, na bado asubuhi kuinuka ni kazi, akaipa dawa yako msaidizi.

Msaidizi maana yake ile ya kwanza huiachi, isipokuwa daktari mwenyewe aseme. Wengine hudhani dawa ngeni ni ya majaribio, au kwamba za kawaida zimeisha stoo. Si kweli, lithiamu yenyewe ndiyo ya kutafuta kwa taabu.

Kinachostahili hofu yako ni kipimo cha damu unachokikwepa. Tunataka lithiamu iwe kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita. Damu itolewe zikishapita saa 12 tangu dozi ya mwisho, kwanza takribani wiki moja tangu uanze. Figo na tezi ya shingo nazo zipimwe. Lithiamu ikizidi, mikono hutetemeka vibaya, unatapika, unayumba: kimbia hospitali. Usijikatie chumvi ghafla, kunywa maji ya kutosha, na ukiharisha piga simu.

Na nawasihi, njooni na dawa zote mnazomeza, hata za maumivu mlizonunua dukani. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha lithiamu kwenye damu. Yule mama nilimwomba afungue mkoba. Ndani mlikuwa na diklofenaki ya mgongo, imebaki nusu karatasi. Nikampigia daktari wake palepale, mama akiwa bado amesimama dirishani.