Mafunzo ya Uongozi kwa Viongozi wa Fraterniti na Sororiti: Maana Yake na Yanavyofanyika

Fraterniti ni jumuiya ya wanafunzi wa kiume katika vyuo vikuu vya Marekani, na sororiti ni jumuiya ya namna hiyohiyo ya wanafunzi wa kike. Nyingi hujitambulisha kwa herufi mbili au tatu za Kigiriki, hupokea wanachama kwa mwaliko na kwa kiapo, na huwahesabu kuwa wanachama hata baada ya kuhitimu. Mafunzo ya uongozi yanayoelezwa hapa ni yale wanayopewa wanafunzi waliochaguliwa na wenzao kuongoza tawi la jumuiya hiyo chuoni, yaani rais wa tawi, makamu wake, katibu na mweka hazina, pamoja na wenye vyeo ambavyo havipatikani katika vyama vingi vya wanafunzi: msimamizi wa uandikishaji, mlezi wa wanachama wapya, na msimamizi wa usalama. Lengo lake linafanana na lile la semina elekezi wanayopewa madiwani wapya nchini Tanzania, isipokuwa kwamba hapa anayeelekezwa huenda ana umri wa miaka 20 na atakaa madarakani kwa mwaka mmoja tu.

Mtu asiyezijua jumuiya hizi anaweza kudhani kwamba cheo cha rais wa tawi ni cha heshima tu. Sivyo. Katika vyuo vikubwa tawi moja linaweza kuwa na wanachama zaidi ya 100, na wengi wao hulala chini ya paa moja katika nyumba yenye jiko na mpishi wa kuajiriwa, huku bajeti ya mwaka ya tawi kubwa ikiweza kufikia mamia ya maelfu ya dola. Ada hukusanywa na mwanafunzi, mikataba ya kumbi na mabasi hujadiliwa na mwanafunzi, na sherehe yenye mamia ya wageni husimamiwa na mwanafunzi. Yapo makao makuu ya kitaifa, yupo mlezi wa tawi ambaye kwa kawaida ni mhitimu, na ipo ofisi ya chuo inayofuatilia mambo haya, lakini saa sita ya usiku siku ya Ijumaa hakuna hata mmoja wao aliyepo nyumbani pale.

Kwa muda mrefu hapakuwa na mafunzo rasmi. Jumuiya ya kwanza yenye herufi za Kigiriki, Phi Beta Kappa, iliundwa mwaka 1776 katika chuo cha William & Mary, Virginia, na baadaye ikawa chama cha kuwaenzi wanafunzi wenye ufaulu wa juu; fraterniti za kijamii kama tunavyozijua zilianza kushika mizizi katika Union College, New York, kuanzia mwaka 1825. Wakati huo mkubwa alimrithisha mdogo desturi za tawi, nzuri na mbaya kwa pamoja. Mwaka 1935 Sigma Alpha Epsilon ilianzisha shule yake ya uongozi huko Evanston, Illinois, na polepole jumuiya nyingine zikafuata kwa kuwa na kozi zao za kila mwaka. Siku hizi yapo pia mafunzo yanayochanganya wanachama wa jumuiya mbalimbali, kama yale ya Undergraduate Interfraternity Institute, na vyuo vyenyewe huandaa makongamano mafupi baada ya uchaguzi wa matawi, ambao mara nyingi hufanyika Novemba au Desemba ili viongozi wapya waanze kazi Januari.

Jumuiya za Wamarekani weusi zina historia yake, na si haki kuzipitisha katika mkondo mmoja na zile nyingine. Alpha Phi Alpha, fraterniti, ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906 na Alpha Kappa Alpha, sororiti, ikaanzishwa katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908, enzi ambazo milango mingi ya madaraka ilikuwa imefungwa mbele ya vijana hao. Kwao, kumwandaa kiongozi kulimaanisha tangu mwanzo kumwandaa mtu wa kuitumikia jamii nje ya chuo. Delta Sigma Theta, iliyoanzishwa Howard mnamo Januari 1913, ilishiriki Machi mwaka huohuo katika maandamano ya kudai haki ya wanawake kupiga kura mjini Washington. Martin Luther King Jr. alikuwa mwanachama wa Alpha Phi Alpha, na Kamala Harris alijiunga na Alpha Kappa Alpha akiwa mwanafunzi wa Howard. Katika jumuiya hizi matawi ya wahitimu yana nguvu kubwa, kiasi kwamba kiongozi mwanafunzi hujifunza mengi kwa kukaa karibu na watu wazima wanaoendelea kulipa ada na kuhudhuria vikao kwa miongo kadhaa.

Kuhusu yaliyomo katika mafunzo, sehemu ya kiutawala ni ya kawaida na haihitaji maneno mengi: kuendesha mkutano kwa kanuni, akidi, hoja na kumbukumbu, kupanga bajeti na kumfuatilia mwanachama asiyelipa, kuandikisha wanachama wapya bila kuahidi yasiyokuwepo. Sehemu ngumu ni ya usalama, na kwa maoni yangu ndiyo inayoyapa mafunzo haya sura yake ya leo. Tangu sheria ya mwaka 1984 iliyoyasukuma majimbo yote kuweka umri wa kununua pombe kuwa miaka 21, wanachama wengi wa tawi la kawaida wamekuwa chini ya umri huo, ilhali pombe imeendelea kuwa kiini cha sherehe nyingi. Juu ya hilo kuna tabia ya kuwaonea wanachama wapya kwa kisingizio cha kuwapima: kuwalazimisha kunywa, kuwanyima usingizi, kuwadhalilisha.

Februari 2017, katika Pennsylvania State University, mwanafunzi wa mwaka wa pili alifariki baada ya usiku wa kupokea wanachama wapya katika fraterniti moja, usiku ambao alinyweshwa pombe nyingi na kuanguka kwenye ngazi. Msaada haukuitwa hadi asubuhi iliyofuata, na wanachama kadhaa, viongozi wakiwemo, walishtakiwa mahakamani. Mwaka uliofuata Pennsylvania ilipitisha sheria kali zaidi dhidi ya uonevu wa aina hiyo. Umoja wa fraterniti, North American Interfraternity Conference, nao uliamua kwamba kufikia Septemba 2019 fraterniti zilizo chini yake zipige marufuku katika nyumba zao pombe yenye kilevi kinachozidi asilimia 15, isipokuwa inapouzwa na mfanyabiashara mwenye leseni. Desemba 2024 ilifuata sheria ya shirikisho inayovitaka vyuo kutangaza hadharani matukio ya uonevu huo.

Kwa hiyo mafunzo ya sasa hutumia muda mwingi kwa maigizo. Kiongozi hupewa tukio: mwenzako amelala sakafuni, ngozi yake ni baridi, anapumua polepole na haamki anapoitwa, na marafiki wanasema alazwe tu hadi pombe imtoke. Anafundishwa kupiga 911, namba ya simu ya dharura ya Marekani, bila kungoja kikao wala ruhusa ya mtu, na anaelezwa kwamba majimbo mengi yana sheria za kumlinda anayeomba msaada wa kitabibu asiadhibiwe kwa makosa madogo ya pombe. Hufundishwa pia kufunga sherehe iliyozidi kipimo na kumfikisha rafiki mbele ya kamati ya nidhamu ya tawi. Kujua kanuni si tatizo. Tatizo ni kumtoza faini mtu unayelala naye chumba kimoja na ambaye ndiye aliyekupigia kura.

Zipo lawama ambazo haziwezi kupuuzwa. Gharama za bima ya dhima, yaani ile inayolipa fidia tawi linaposababisha madhara kwa wengine, zimekuwa kubwa, na fomu ambazo viongozi hutia saini mwishoni mwa mafunzo zinaweza kutumika kuonyesha kwamba makao makuu yalikwisha onya, hivyo lawama imwangukie kijana aliyesaini. Udhaifu mwingine ni muda: rais huondoka kwenye kozi ya siku chache akiwa na ari, akarudi kwenye nyumba ya watu 80 ambao hawakusikia lolote, na mwaka ukiisha naye anaondoka na alichojifunza. Ndiyo maana baadhi ya jumuiya zimepeleka mafunzo kwa wanachama wote tangu wanapojiunga, na nyingine, kama Sigma Alpha Epsilon mwaka 2014, zimefuta kabisa kipindi cha majaribio cha wanachama wapya. Makabidhiano nayo hupewa uzito zaidi kuliko zamani: kiongozi anayeondoka hukaa na mrithi wake, wakapitia hesabu za benki, mikataba, hati za bima na majina ya wanaodaiwa, kisha mlezi wa tawi akathibitisha kwamba sahihi za benki zimebadilishwa.