Tripodi nyepesi ya safari: maneno ya dukani na ukweli wa ufukweni

Anayetaka kupiga picha ya jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, au taa za wavuvi wa dagaa gizani mbele ya Kibirizi, atahitaji tripodi, yaani miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Na kwa kuwa Kigoma ni mji wa vilima, na mizigo mingi husafiri mgongoni juu ya bodaboda, ataitaka nyepesi: isizidi kilo moja na nusu, ikikunjwa iwe sentimita 40 hadi 45. Hapo ndipo maneno ya dukani yanapoanza.

"Boksi limeandikwa hubeba kilo 8, kamera yangu haifiki hata mbili"

Namba hiyo inakuambia tripodi haitavunjika. Haikuambii kama itatikisika. Isitoshe, hakuna kipimo kimoja ambacho viwanda vyote hukifuata, kwa hiyo kilo 8 za huyu si kilo 8 za yule.

Cha kutazama ni pingili ya chini kabisa ya mguu, ile nyembamba. Ugumu wa bomba dhidi ya kupinda hupanda kwa kipenyo × kipenyo × kipenyo. Bomba la milimita 13 ni gumu zaidi ya mara mbili ya lile la milimita 10, unene wa ukuta ukiwa uleule. Ndiyo maana tripodi ya pingili 4 kwa kawaida huishinda ya pingili 5 yenye bomba la juu linalolingana: ile ya 5 hukunjika fupi zaidi, lakini husimama juu ya vijiti.

Jaribio la dukani halichukui dakika mbili. Funga kamera yako na lenzi ndefu uliyonayo, fungua miguu yote, nguzo ya kati iache chini. Kwenye skrini kuza picha mara 10 ukilenga maandishi ya bango la mbali, kisha gonga mguu mmoja kwa kidole na uhesabu. Maandishi yakitulia ndani ya sekunde moja au mbili, sawa. Yakiendelea kucheza hadi unafika tano, rudisha. Muuzaji anayekataza jaribio hili amekwisha kukujibu.

"Kaboni faiba ndiyo imara, aluminiamu ni ya wanaoanza"

Kwa tripodi za ukubwa huu, kaboni hupunguza uzito kwa gramu 200 hadi 400 hivi na huzima mtikisiko haraka kidogo. Ni faida ya kweli, ila bei yake ni kubwa. Pesa ikiwa ndogo, aluminiamu yenye kichwa kizuri (sehemu ya juu inayoshika kamera) huishinda kaboni ya bei ya chini yenye kichwa legevu, kwa sababu udhaifu wa tripodi za bei nafuu mara nyingi hauko miguuni, uko kichwani. Kaza kichwa cha gololi, achia kamera taratibu: lenzi ikishuka hata kidogo baada ya kukaza, utakuwa ukikosa fremu kila mara.

Angalia pia kibao kinachofungwa chini ya kamera. Chagua kinachofuata mfumo wa Arca-Swiss, unaotumiwa na viwanda vingi, siyo cha umbo la kiwanda kimoja tu. Kibao cha umbo la peke yake kikipotea ukiwa Kigoma, tripodi nzima imegeuka fimbo. Beba kibao cha pili na ufunguo wake mdogo wa kukazia.

"Lazima ifike usawa wa macho"

Ili ifike huko, watu huinua nguzo ya kati, na nguzo iliyoinuliwa ni fimbo moja iliyosimikwa juu ya miguu mitatu. Ichukulie kama akiba. Sentimita 125 hadi 135 bila nguzo zinatosha, maana kichwa na kamera huongeza kama 15 nyingine. Kuinama kidogo hakujawahi kuharibu picha.

Ziepuke zile zenye vyuma vya kuunganisha miguu na nguzo ya kati. Kwenye mteremko kama wa kushukia ziwani, miguu hiyo haiwezi kutanuliwa kila mmoja kwa pembe yake. Kwa simu peke yake, hata hizo zinafaa.

"Ning'iniza begi, itatulia"

Hutulia kama begi linagusa ardhi kidogo. Likiwa hewani wakati upepo wa kusi unavuma, linakuwa pendulo, na kila linapobembea linavuta kamera. Refusha kamba mpaka begi liguse mchanga, au usining'inize kabisa: tanua miguu, shusha kamera.

Kwenye mchanga wenyewe, kanuni ya "fungua kwanza pingili nene" inageuzwa. Fungua ya chini kabisa kwanza, ili kiungo chake kikae juu ya mchanga na maji. Sindika kila mguu mpaka uache kuzama. Mchanga ukiwa laini, weka vifuniko vya ndoo chini ya soli. Chembe zikiingia kwenye vibano vya kuzungusha utasikia vikikwaruza. Usilazimishe. Fungua kiungo, suuza kwa maji safi, kausha, paka grisi kidogo sana. Maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi kama ya pwani, lakini mchanga wake unakwaruza vilevile.

"Ukiwa na tripodi, picha haiwezi kutikisika"

Kidole kinachobonyeza kinatosha kutikisa. Tumia kipima muda cha sekunde 2, au 10 kwa lenzi ndefu. Hatari kubwa iko kwenye kasi za kati za shata (muda ambao kamera hupokea mwanga), takriban 1/30 ya sekunde hadi sekunde 1, ambazo ndizo za wakati wa machweo. Kwa sekunde 20 mtetemo wa mwanzo hupotea ndani ya muda mrefu. Zima kidhibiti mtikisiko kwenye lenzi za zamani, maana nyingine huanza kusahihisha mtikisiko usiokuwepo.

Tripodi hushika kamera, haishiki ziwa. Mitumbwi huelea, hivyo taa za dagaa kwa sekunde 30 zitakuwa mistari. Anza na sekunde 2 hadi 4 na uongeze ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Usiende mwezi mpevu: wavuvi wengi hupumzika, kwa kuwa mbalamwezi hupunguza mvuto wa taa zao kwa samaki. Na ukiwa ndani ya boti ya kwenda Gombe, iache kwenye begi. Mtetemo wa injini hupanda kwa miguu yote mitatu hadi kwenye lenzi, wakati mikono na magoti yako yangeumeza. Huko piga kwa 1/500 au haraka zaidi.