Nadharia ya mabadiliko ya tabia katika tiba: maana yake, na kazi yake kwenye vituo vya afya Uganda

Nadharia ya mabadiliko ya tabia ni maelezo yaliyopangwa ya kinachomfanya mtu atende jambo, asilitende, au aliache. Wengi wakiisikia huwaza matangazo ya redio kuhusu kunawa mikono, au bango la kondomu kando ya barabara. Hayo yamo. Lakini siku hizi inaelekezwa pia kwa watu ambao hatujazoea kuwauliza kuhusu tabia zao: tabibu, muuguzi, mtu wa maabara, mkuu wa kituo. Utafiti umeshathibitisha kwamba jambo fulani linaokoa maisha, mwongozo wa wizara umeshachapishwa na kubandikwa ukutani, mbona huduma ni ileile ya zamani?

Pengo hilo si la Uganda peke yake. Makadirio ya mwaka 2000, yanayonukuliwa hadi leo, yalisema kwamba asilimia 14 tu ya utafiti wa kitabibu hufika kwa mgonjwa, na safari hiyo huchukua wastani wa miaka 17. Makadirio hayo yalitoka kwenye nchi tajiri.

Tuchukue homa ya mtoto. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kipimo cha haraka hakina ugumu: tone la damu ya kidole, robo saa hivi ya kusubiri, mstari mmoja hakuna malaria, miwili ipo. Sasa keti kwenye benchi la kituo cha afya cha daraja la tatu upande wa Busia, siku ya soko, foleni imeshatoka nje ya mlango. Mstari umetoka mmoja. Mama anakiangalia kile kipande cha plastiki, kisha anamgeukia tabibu: "Musawo (yaani daktari), mtoto amechemka usiku kucha, nawe waniambia hana malaria? Nimelipa boda nije niambiwe hana kitu?" Tabibu anaujua mwongozo vizuri tu, ungempa mtihani angepata zote. Hata hivyo anaandika dawa mseto ya malaria. Watafiti wameikuta hali hii katika nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwemo.

Ukisema tabibu huyo ni mzembe, mazungumzo yameishia hapo. Nadharia inakulazimisha uulize zaidi. Mfumo unaotumika sana huitwa COM-B, uliochapishwa 2011 na Susan Michie na wenzake. Unasema kila tabia inahitaji vitu vitatu: uwezo, fursa na msukumo. Uwezo ni ujuzi na nguvu za mwili na akili za kutenda. Fursa ni yale yaliyo nje ya mtu: vifaa, muda, na pia watu wanaomzunguka na wanachokiona kuwa cha kawaida. Msukumo uko ndani, kuanzia hesabu anayoipiga kwa makusudi hadi hofu na mazoea yanayomwendesha bila kufikiri.

Mrudie tabibu wetu ukiwa na maswali hayo matatu. Kupima anajua. Asichokuwa na uhakika nacho ni afanye nini na homa ambayo si malaria, hasa kama maabara yake haina kipimo kingine cha kumwambia ni nini. Fursa inambana: foleni ni ndefu, na kumweleza mama kwa utulivu kunataka dakika ambazo hana, ilhali kuandika dawa ni sekunde chache. Kisha kuna hofu, na kwangu mimi hii ndiyo nzito kuliko zote. Mtoto akizidiwa usiku, mtaa mzima utajua nani alimnyima dawa. Ila hakuna mtaa unaokumbuka jina la tabibu aliyetoa dawa isiyohitajika.

Hapo ndipo utaona tunavyokosea tunapochagua tiba ya tatizo. Kwa kila kasoro tunaitisha semina: hoteli ya mjini, kalamu, soda, posho ya usafiri, cheti. Semina imekuwa panadol ya sekta ya afya. Inaongeza ujuzi, na palipokosekana ujuzi inasaidia kweli. Tabibu wa Busia hakukosa ujuzi wa kusoma mstari mmoja. Huyo angefaidika zaidi na mafunzo ya kuitibu homa nyingine, na maneno yaliyoandaliwa ya kumwambia mama, pamoja na utaratibu wa mtoto kurudishwa kuangaliwa kesho yake, ili hofu ipungue pande zote mbili.

Mfano uliopimwa vizuri ni wa kifua kikuu. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu la makohozi kwa muda usiozidi saa mbili, na Shirika la Afya Duniani liliipitisha tangu 2010. Lakini vituo vingi vidogo vya Uganda havikuwa nayo. Makohozi yalisafirishwa kwa pikipiki hadi maabara kubwa, majibu yakarudi baadaye. Mgonjwa aliyeambiwa "nenda, tutakuita" mara nyingi harudi. Watafiti walipanga jaribio katika vituo 20, nusu vikapewa mpango mpya, nusu vikaendelea na utaratibu wa kawaida. Mpango ulijengwa juu ya mfumo wa PRECEDE, unaotenganisha yanayomwandaa mtu kutenda, yanayomwezesha, na yanayomtia nguvu aendelee. Kwa hiyo waliweka mashine ndogo kituoni, wakapanga upya mtiririko wa kazi ili mgonjwa apimwe na kuanza dawa siku hiyohiyo, na kila mwezi wafanyakazi wakaletewa takwimu za utendaji wao wenyewe.

Matokeo yalichapishwa 2021. Kwenye vituo vya mpango mpya, watu 342 waliothibitishwa kuwa na kifua kikuu walianza matibabu ndani ya siku 14. Kwenye vituo vingine walikuwa 220. Wangepeleka mashine tu, nina shaka kama tofauti ingekuwa hiyo, maana mashine inayosubiri fomu ijazwe kesho ni samani.

Zile takwimu za kila mwezi nazo zina masharti yake. Mapitio ya 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 140 kuhusu kuwarudishia wahudumu taarifa za kazi yao, yalikuta ongezeko la kati (median) la pointi 4.3 za asilimia tu katika kufuata utaratibu unaotakiwa. Taarifa hizo zilifanya kazi vizuri zaidi pale utendaji ulipokuwa chini tangu mwanzo, taarifa ilipotolewa na msimamizi au mwenzao, zaidi ya mara moja, kwa mdomo na kwa maandishi, ikiwa na lengo linaloeleweka na hatua za kuchukua. Karatasi inayotumwa kutoka Kampala na kuingizwa kwenye faili haimo kwenye orodha hiyo.

Nadharia hii ina mpaka wake. Stoo ikiwa tupu, hakuna msukumo utakaoijaza, na kumpa muuguzi lawama ya tabia wakati dawa haijafika ni kumwonea. Kuna pia suala la mradi kuisha. Katriji za mashine, vile vibweta vinavyowekewa makohozi, lazima zinunuliwe, fundi aitwe ikiharibika, na mtu fulani alipwe kuandaa zile takwimu kila mwezi. Kama bajeti ya wilaya haina mstari wa mambo hayo, makohozi yatarudi kwenye pikipiki.