Kozi ya wiki sita haiatamii

Tangazo linasema "kituo atamizi cha mtandaoni". Ukisoma chini unakuta video kumi na mbili, maswali ya kuchagua jibu, na cheti wiki ya sita. Hiyo ni kozi. Huenda ni kozi nzuri sana, lakini hakuna kilichoatamiwa hapo.

Kwa ufupi, kituo atamizi hupokea kampuni changa na kuitunza, kwa kawaida mwaka mmoja hadi mitatu, mpaka ijitegemee: ofisi ya kupanga kwa bei nafuu, intaneti, mhasibu, wakili, washauri, wateja wa kwanza.

Neno lenyewe linajieleza. Kuatamia ni kazi ya koo anapolalia mayai. Huyapa joto (mashine ya kutotolesha hushikilia nyuzi 37.5 hivi), huyageuza mara kadhaa kwa siku ili kiinitete kisigande kwenye ganda, na kwa siku 21 habanduki ila kwa dakika chache za kula na kunywa. Akiyasusa siku ya kumi, yote yanakuwa viza. Kilatini nacho kiliona hivyo hivyo: incubare ni kulala juu ya kitu. Hata maana ya kibiashara ina kuku ndani yake. Mwaka 1959 familia ya Mancuso ilinunua kiwanda kilichofungwa mjini Batavia, New York, na Joseph Mancuso akaanza kupangisha sehemu zake kwa kampuni ndogo ndogo. Mpangaji mmoja alikuwa mfugaji wa vifaranga, na utani juu ya vifaranga hao ndio uliozaa jina.

Kichapuzi nacho ni kitu kingine. Huchapua, yaani huharakisha kampuni ambayo tayari inatembea. Y Combinator, kichapuzi cha Marekani kilichoanza 2005, huchukua kundi kwa miezi mitatu, na katika mkataba wake wa sasa dola 125,000 za mwanzo hununua asilimia 7 ya hisa. Taasisi hiyo hiyo ina masomo ya bure mtandaoni, Startup School, na kwa hayo haidai hisa yoyote. Hapa Nairobi pia tofauti hiyo ilionekana mapema: iHub ilipofunguliwa 2010 katika Barabara ya Ngong ilikuwa hasa ukumbi wa wanateknolojia kukutana na kufanya kazi. Kuatamia kampuni ilikuwa kazi ya m:lab, ndani ya jengo lilo hilo.

Jina likikosewa, mwanzilishi ndiye anayeumia. Mtu huweka sahihi kutoa asilimia 5 ya kampuni yake kwa video ambazo angezipata bure. Chukua mfano wa kuunganisha programu na M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom kwa watengeneza programu. Somo litakufikisha kwenye mazingira ya majaribio, na huko kila kitu kitakubali. Kuingia kwenye malipo halisi kunataka namba ya biashara ya kupokelea malipo (Paybill au Till), ambayo nayo inataka hati za biashara na akaunti, na anwani ya kupokea majibu ya malipo iwe hewani, tena ya https. Anwani ikikosewa, pesa ya mteja inakatwa na mfumo wako haupati habari. Wiki ya sita cheti kimetoka, mwalimu ameondoka, na kampuni imekwama papo hapo. Hili ndilo yai la siku ya kumi.

Kuatamia kwa mtandao kunawezekana, ingawa kwa sehemu. Mwanasheria anaweza kupitia mkataba akiwa Mombasa, na mshauri akapiga simu ya video kila Jumatatu hadi malipo ya kwanza yaingie. Cha kuangaliwa ni nani anabaki na kampuni baada ya masomo kwisha, na kwa muda gani. Kama jibu ni hakuna, basi waandaaji, tafadhali, andikeni "kozi ya mtandaoni ya ujasiriamali wa teknolojia". Ni jina la heshima, na anayejiandikisha atajua anachokipata.